Mtungi Aliouomba Zablon

Spesioza aliingia chumba cha mahojiano akiwa ameinua mikono yote miwili mbele yake, kama mtu aliyetoka kuosha vyombo akakosa kitambaa cha kujifutia. Bandeji zilianzia vidoleni zikaishia viwikoni. Askari aliyemleta hakumfunga pingu. Angezifunga wapi?

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa, mdogo wangu."

Inspekta Mwanne Kasubi alimsogezea kiti, akafungua jalada. Lilikuwa jembamba, na kila karatasi ilisema kile kile. Kwenye karakana ya nta ya Kigwa, pipa la nta liliwaka moto. Msimamizi wa kazi, Zablon, alipiga kelele kuomba msaada. Spesioza Nduwimana, kibarua wa hapo, mzaliwa wa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, alibeba mtungi akamwaga kilichokuwemo ndani ya pipa, na moto ukaruka mpaka kwenye bati, ukamfunika Zablon mzima. Alifia hospitali alfajiri iliyofuata. Mashahidi wote walikuwa na neno moja: petroli. Wengine waliongeza la pili, Mrundi, kana kwamba nalo ni ushahidi.

"Ulisema ulimwaga maji," Mwanne alisema.

"Nilisema hivyo."

"Na leo?"

Spesioza aliziangalia bandeji zake. "Nimekaa humu nikafikiri. Maji hayawashi moto, afande. Hilo hata mtoto analijua. Maji ya kwenye mtungi niliyachota mimi kisimani asubuhi, yalikuwa safi. Basi kuna mtu aliyabadilisha. Kuna mtu alitia petroli, mimi nikamwaga bila kujua."

"Nani?"

"Simjui. Ila yupo." Sauti ilimpanda. "Lazima awepo, afande. Nakuomba umtafute."

"Ulikuwa na ugomvi na marehemu."

"Mama yangu alifariki kule Ulyankulu. Niliomba ruhusa nikamzike. Zablon akaninyima, akasema oda ya nta haingoji msiba. Nikamwambia, Mungu atakulipa. Watu wote walisikia."

"Walisikia. Na wote wameniambia."

Mwanne alifunga jalada. Kesho yake asubuhi lilitakiwa mezani kwa wakili wa serikali, na kosa lililoandikwa juu yake lilikuwa mauaji, kosa lisilo na dhamana. Mwanamke huyu angekaa mahabusu miaka akingoja kesi isikilizwe, na mwisho wake huenda ungekuwa kitanzi. Ulibaki mchana mmoja tu wa kulijaza jalada au kulitoboa. Mwanne hakupenda kabisa mashahidi wanaoimba wimbo mmoja. Watu walioona jambo kwa macho yao huwa wanabishana.

Alikwenda Kigwa na Sajini Rashidi wa Zimamoto, mtu mpole, mchache wa maneno, aliyebeba vifaa vyake kwenye ndoo kama fundi wa mabomba. Gari lilifuata barabara ya vumbi inayopita pale pale ilipopita misafara ya zamani, likapunguza mwendo lilipofika nyumbani kwa marehemu. Wanawake waliimba nyimbo za kanisa la Moraviani ndani. Recheli, mjane wake, alikuwa amekwisha kuja kituoni kumwambia Mwanne anachokitaka, na hakikuwa kirefu: "Nataka nimwone huyo mwanamke uso kwa uso. Aniambie mwenyewe kwa nini."

Karakana ilikuwa banda la matofali lenye milango miwili na paa la bati. Kazi yake haikuwa ngumu kuielewa. Masega yaliyokwisha kamuliwa asali hupikwa kwa maji, huchujwa kwa gunia, kisha nta iliyopatikana huyeyushwa tena, safari hii yenyewe tupu, kabla ya kumiminwa kwenye vibao vya kuigandishia. Pipa lenyewe lilikuwa bado juu ya mafiga, jeusi ndani na nje.

"Hapa ndipo penye hatari," Rashidi alisema, akigonga pipa kwa kidole. "Nta tupu ikizidi moto huwaka yenyewe, kama mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa jikoni."

"Kwa hiyo moto wa kwanza haukuwashwa na mtu?"

"Uliwashwa na kuni. Ninalotaka kujua ni ule wa pili." Aliinua tochi akamulika juu. "Tazama bati."

Mwanne alitazama. Bati lote la juu ya pipa lilikuwa na madoadoa ya nta yaliyoganda, mengi, madogo, kama manyoya ya kanga. Kuta nazo zilikuwa hivyo hivyo. Hata juu ya mlango wa mbali kulikuwa na matone.

"Petroli ingefanya hivi?"

"Petroli ingewaka juu juu ikaisha. Isingeichota nta kutoka chini ya pipa ikairusha mpaka pale. Kuna kitu kililipuka ndani ya nta, afande, sio juu yake."

"Kitu gani?"

Rashidi alikuwa mmoja wa wale wasiosema jambo kabla hawajaweza kulionyesha, na Mwanne alimheshimu kwa hilo ingawa lilimchosha.

Kando ya mafiga vilibaki vigae vya mtungi, ule mtungi wa udongo wa maji ya kunywa ambao kila nyumba ya hapa inao. Mwanne aliokota kitako chake, akakivunja kwa jiwe, akanusa pale palipovunjika. Akamvunjia Rashidi kipande kingine.

"Unanusa nini?"

"Udongo."

"Na mimi. Mtungi ukitiwa petroli hata mara moja, udongo unainywa. Ungenuka mpaka masika."

Lingekuwa jambo la kufurahisha kama asingeizunguka karakana akakuta, chini ya lundo la kuni, dumu tupu la plastiki. Hilo lilinuka petroli waziwazi.

Mwenye kuni aliitwa. Alikuwa Ambrosi, mchochea moto wa zamu, mwanamume mfupi mwenye mabega mapana, na ndiye shahidi aliyezungumza kwa uhakika kuliko wote. Alivua kofia alipomwona inspekta.

"Mwangaluka, mayo," alimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Dumu hili la nani?"

"Madumu yapo mengi hapa kijijini."

"Hili lilikuwa chini ya kuni zako."

Ambrosi aliikunja kofia. "Nauza petroli kwa chupa, afande. Bodaboda wote wa hapa wananijua. Siku ile, baada ya moto, watu walianza kusema petroli, petroli. Nikajua watanijia mimi. Nikaimwaga yote."

"Wapi? Mtungini?"

"Haki ya Mungu, shambani! Njoo uone."

Aliwapeleka nyuma ya choo kwenye kitalu cha mchicha. Mchicha wote wa upande mmoja ulikuwa umelala chini, umekauka rangi ya tumbaku. Mwanne aliinama akachukua udongo mkononi, akaunusa, akaurudisha. Mtu huyu alikuwa mwoga na mvunja sheria ndogo ndogo, lakini mchicha haukuwa na sababu ya kumtetea.

"Siku ile ulikunywa maji ya kwenye mtungi?"

"Nilikunywa. Kazi ile ina kiu."

"Saa ngapi?"

"Kabla tu ya moto. Kata ilikuwa bado mkononi Zablon alipopiga kelele."

"Yalikuwa na ladha gani?"

"Ya maji, afande. Kwani yangekuwa na ladha gani?"

"Baada yako nani aliusogelea ule mtungi?"

"Hakuna. Spesioza tu, alipokuja kuubeba."

Mwanne alimtazama. Ambrosi naye aliendelea kumtazama, mpaka maneno yake mwenyewe yalipomrudia.

"Ulikunywa kwenye mtungi ule ule," Mwanne alisema polepole, "ukashuhudia ukimwagwa, halafu ukaniambia ilikuwa petroli."

"Lakini moto ulilipuka, afande! Niliuona! Maji yangewezaje?"

Kwa hiyo ndivyo wimbo mmoja ulivyotungwa. Hakuna aliyedanganya. Waliona moto ukipanda, wakaenda kutafuta kitu kinachopandisha moto, wakarudi na petroli, na baada ya hapo kila mmoja aliapa kwamba aliinusa. Mwanne aliona hasira, na kwa kuwa hakujua ampe nani, aliendelea na maswali.

"Nionyeshe Zablon alisimama wapi."

Ambrosi alisimama karibu na pipa, mgongo kwenye mlango unaoelekea kisimani. "Hapa. Alikuwa anavuta kuni nje. Moto ulikuwa ndani ya pipa tu, haukuwa umetoka. Akawa anasema, mtungi, leteni mtungi!"

"Mtungi wa maji ulikaa wapi?"

"Pale nyuma yake, mlangoni."

"Alipokuwa anaita, aligeuka nyuma?"

"Hapana. Alikuwa ananyoosha mkono kule." Ambrosi alinyoosha wake, na mkono ulielekea mbele, mlango wa pili, uani. "Nilidhani anatufukuza tutoke."

"Kule kuna nini?"

"Ofisi ya bosi."

Bosi, Wenceslaus, alikuwa mzee mwenye miwani na shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa amelia, macho yalionyesha. Alimpokea Mwanne kwa heshima zote na kumpa kiti kilichokuwa bora kuliko chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibuni. Zablon alikuwa kama mdogo wangu. Huyo mwanamke niliyemhurumia nikampa kazi..." Alishindwa kumaliza.

"Mzee, una mtungi wa kuzimia moto?"

"Ninao! Mimi sheria naifuata." Alisimama haraka. "Nilinunua mpya kabisa."

Ulikuwa juu ya kabati, kati ya redio na saa ya mezani, umevalishwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kama televisheni ya sebuleni. Wenceslaus alikifunua kwa uangalifu. Chini yake kulikuwa na mtungi mwekundu unaong'aa. Rashidi aliushusha, akatazama mshale wa presha, akageuza kitako chake juu, akasoma maandishi yake.

"Wa unga," alisema. "Unafaa kwa moto wa mafuta na wa nta. Mshale uko kwenye kijani. Kipini na lakiri yake havijaguswa. Mzima kabisa huu."

"Si nimekwambia?" alisema Wenceslaus.

"Siku ya moto ofisi ilikuwa wazi?" Mwanne aliuliza.

"Nilikuwa mjini. Nikitoka hufunga."

"Funguo?"

"Huwa natembea nazo." Alizigusa mfukoni.

"Kwa nini haukuwekwa kule kwenye nta?"

"Kule? Kuna moshi, kuna masizi. Ungechakaa ndani ya wiki. Na vibarua wangeufungua wachezee ule unga, au wauibe. Wakaguzi wakija nataka waukute safi."

"Nani hapa anajua kuutumia?"

"Zablon. Nilimlipia semina mjini. Alirudi na mambo mengi, mtungi hivi, mtungi vile. Aliniomba uhamie karakanani. Nikamwambia tutaona."

"Na wengine?"

"Wengine ni vibarua, mama."

Mwanne alirudi mlangoni, akamwita Ambrosi aliyekuwa amebaki uani, akamwonyesha mtungi mwekundu mikononi mwa Rashidi. "Hiki kinaitwaje?"

Ambrosi alikitazama, akamtazama bosi wake kwa hofu. "Hilo? Sisi tunaliita pambo la ofisi, afande. Jina lake silijui."

"Na nikikuambia niletee mtungi?"

"Nitakuletea mtungi." Alishangaa kuulizwa. "Wa maji."

Mwanne alijua sasa. Zablon aliomba chombo kwa jina alilofundishwa semina, akakinyooshea mkono kilipokuwa, nyuma ya kufuli. Watu aliokuwa akiwaambia walikuwa na mtungi mmoja tu katika maisha yao, na mwanamke mmoja alikuwa na miguu myepesi kuliko wote. Lakini kujua hakutoshi mahakamani. "Sajini," alisema, "nionyeshe."

Rashidi alichimba shimo dogo uwanjani, mbali na banda, mbali na kuni. Aliyeyusha vipande vya nta ndani ya kopo la rangi mpaka ikaanza kutoa moshi, kisha ikawaka. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa njano, umetulia ndani ya kopo. Mtu angeweza kupasha mikono joto pale. Alifunga kata kwenye mwisho wa mti mrefu wa kuangulia matunda, akaijaza maji ya kisimani.

"Rudini nyuma. Zaidi. Mzee, zaidi."

Akanyoosha mti, akainamisha kata.

Moto ulipanda kwa mlio kama wa turubai linalochanika, ukawa mrefu kuliko nyumba, na matone ya nta yaliyowaka yakanyesha kwenye mchanga kuwazunguka. Ambrosi alipiga yowe. Ulishuka upesi vile vile, ukarudi koponi ukaendelea kuwaka taratibu.

"Maji ni mazito kuliko nta," Rashidi alisema. Sauti yake haikubadilika. "Yanazama chini, na kule chini kuna joto kali kuliko maji yanavyoweza kuvumilia. Yanageuka mvuke mara moja, na mvuke unaitoa nta yote nje kama inavyotapikwa. Hii ilikuwa kata moja. Yeye alimwaga mtungi."

Halafu alichukua ule mtungi mwekundu. Hakuusogeza karibu; alisimama mbali na kopo, akavuta kipini, akaelekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, akabana mkono, akaupeleka mdomo kushoto na kulia kama mtu anayefagia ua. Unga mweupe ulitoka kwa kishindo. Ulipotulia, moto haukuwepo. Ilikuwa kazi fupi kuliko kusema sala ya kabla ya chakula.

Wenceslaus alivua miwani. Alilitazama kopo lililofunikwa na unga, akatazama mtungi, akalitazama kopo tena.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu," Rashidi alisema. "Na ukikosa huo, funika pipa kwa bati, ondoa kuni, mtoke nje. Semina inafundisha hayo yote asubuhi moja."

"Mimi niliununua," alisema mzee. "Niliununua kabisa."

"Mzee, chukua koti lako," Mwanne alisema. "Utakwenda na sisi mjini." Hakuona furaha yoyote kumwambia hivyo. Alimwona mzee akipapasa mifuko akitafuta funguo za kufungia ofisi, akazipata, akasimama nazo asijue la kufanya nazo.

Asubuhi yake wakili wa serikali alilisoma jalada jipya mpaka mwisho, akarudia ukurasa wa Rashidi, akasema shitaka la mauaji halipo. Mwanne alishuka mahabusu mwenyewe.

"Umempata?" Spesioza aliuliza kabla hata ya salamu.

"Nani?"

"Aliyetia petroli."

"Hakuna aliyetia. Uko huru, Spesioza. Uende nyumbani."

Spesioza hakuinuka. "Kwa hiyo yalikuwa maji."

"Yalikuwa maji. Nta ikiwaka haimwagiwi maji, yanailipua. Hukujua. Hakuna hata mmoja wenu aliyeambiwa. Alichokuwa anaomba ni lile pambo jekundu la ofisini, nalo lilikuwa limefungiwa. Huko alikosomea linaitwa mtungi."

"Lile? Lile ndilo mtungi?"

"Ndilo."

Spesioza alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani na si mahabusu, na Mwanne alimwacha. Alipoweza kusema, aliuliza swali ambalo Mwanne alikuwa akiliogopa tangu uwanjani Kigwa.

"Nisingemwaga, angekuwa hai?"

Uongo mzuri ulikuwa tayari. Moto ungemfikia tu, angeweza kusema, au bati lingeanguka. Miaka yote ya kazi alikuwa amewadai watu ukweli katika chumba kile kile, akiwatisha wakati mwingine, na sasa ukweli ulikuwa wake kuutoa.

"Ndiyo," alisema.

Spesioza alitikisa kichwa. "Afadhali ungempata mtu," alisema. Kisha: "Nipeleke kwa mke wake."

"Kule msibani hawajajua bado. Watakupiga."

"Ndiyo maana. Asije akasikia kwa mwingine."

Walipoingia uani kwa marehemu, wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja alisimama akaanza kutukana, mwingine akaokota fimbo, na Mwanne akajiweka mbele akiwa na sare yake yote. Lakini Recheli alikuwa ameketi mkekani mlangoni, khanga begani, na alisema kwa sauti ndogo, "Mwacheni apite," wakamwacha.

Spesioza alipiga magoti pembeni ya mkeka.

"Mama, poleni sana. Yalikuwa maji. Niliyachota mimi na nikayamwaga mimi. Polisi wamehakikisha. Hakuna mtu mwingine."

"Mligombana," Recheli alisema.

"Tuligombana. Nilimkasirikia sana. Lakini alipoita nilikimbia, mama. Nilikimbia nimsaidie."

"Aliita nini?"

"Alisema, leteni mtungi."

"Alisema hivyo? Mtungi?"

"Ndiyo, mama."

Recheli aligeuka akatazama ndani ya nyumba yake, kwenye kona penye mtungi wa maji na kata juu yake, akakaa akiutazama mpaka wanawake wakaanza kuangaliana. Kisha akamgeukia tena yule aliyepiga magoti.

"Hata mimi ningeleta maji," alisema.